Re: Karatasi ya pamba au baryta kwa picha ya ukutani?

Salama ndugu. Nikikuelewa, picha ni ya nyeusi na nyeupe, saizi A2, itakaa sebuleni Nyali, na umekwama kati ya karatasi ya pamba isiyong'aa na baryta (karatasi ya picha yenye uso unaong'aa kiasi), tena hujui kama kioo ni lazima.

Kabla ya karatasi muulize muuzaji picha inachapwa kwa wino gani. Akikwambia ni wa pigmenti (chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka), endelea. Ukiwa wa "dye" (rangi iliyoyeyushwa), rangi itapauka mapema kwa jua letu, hata karatasi iwe ghali vipi.

Mimi ningechukua baryta: weusi wake umekolea zaidi. Pamba, kama Photo Rag ya kampuni ya Hahnemühle ya gramu 308 kwa mita ya mraba, ni tamu kwa jicho ila uso wake unachubuka ukiupapasa tu. Na dirisha likitazamana na ukuta huo, baryta itakusumbua kwa mng'ao; hapo chukua pamba.

Kioo weka, kwa unyevu na vumbi la pwani. Lakini kisiguse picha! Hewa ya bahari huifanya inate kwenye kioo, na kuibandua ni kuichana. Mwambie fundi aweke kadi isiyo na asidi kuzunguka picha, unene wa milimita 2 hivi, na picha aishikilie kwa ukingo wa juu tu, bila selotepu wala gundi ya mbao (wapo wanaopaka, nimeona). Fremu tengenezea hapo hapo Mombasa. Picha isafirishwe imeviringishwa kwenye bomba gumu.

Ukuta wenyewe unapigwa jua saa ngapi?