Maswali na Majibu: Mto Mkavu Si Kitanda

Barua nyingi safari hii zinahusu njia moja: kushuka kwa miguu siku nne au tano kutoka Gulwe, Mpwapwa, hadi Kilosa, kwa kufuata mto unaopenya kati ya milima.

Tuko watatu. Tunataka kwenda Februari ili tukute kijani. Unashauri nini?

Msiende. Subirini Juni.

Mchanga wa mtoni ni mkavu na laini. Kuna ubaya gani kupiga hema humo?

Hili nimeshalijibu hadi nimechoka, lakini haya. Kinyasungwe hukusanya maji ya tambarare za Dodoma, kisha hubanwa na milima na kuitwa Mkondoa. Ardhi ya Ugogo ni ngumu na haina majani ya kutosha, hivyo mvua ikinyesha huko juu maji hayazami, yanatimka. Wewe huku unahesabu nyota, hata radi hujaisikia, mara mto umefika na magogo yake. Reli iliyojengwa bondeni humo enzi za Mjerumani ilisombwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Chuma kiling'oka, wewe una vijiti vya hema. Tazama miti ya ukingoni: utaona nyasi kavu na takataka zimenasa matawini. Maji yalifika pale. Lala juu ya pale, hata kiangazi, ili uzoee.

Tukiishiwa maji ya kunywa?

Chimba mchangani palipo na unyevu, mbali na wanaponywesha ng'ombe. Acha yatulie, chuja kwa kitambaa, chemsha mpaka yatokote. Ukikuta kisima kimezungushiwa miiba, kina mwenyewe: omba. Na madimbwi yaliyotuama msiyaoge, kichocho huingia kwa ngozi, hakisubiri umeze.

Si rahisi zaidi kutembea juu ya reli?

Ni rahisi mpaka ukutane na treni katikati ya daraja. Hapana.

Nina kilo 60, begi langu lina 25. Nitaweza?

Utaweza hadi saa nne asubuhi. Shusha hadi 15. Unga, dagaa, karanga na ubuyu vinatosha. Spika ya muziki ibaki nyumbani hata kama ni nyepesi kama unyoya.

Lazima turipoti vijijini? Sisi si watalii, ni Watanzania.

Ndiyo maana mripoti. Watu watatu wasiojulikana, mabegi makubwa, wanatokea machakani jioni: wewe ungewafikiriaje? Mwoneni mtendaji au mwenyekiti, mwombeni kijana anayeijua njia, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, si mkishafika. Anajua vivuko na nyoka wanakopenda kuota jua. Akiumwa mtu, msichanje wala msifunge kamba. Mlazeni, mguu usitikisike, abebwe hospitali. Mwachieni mwenyekiti siku ya kufika kwenu. Na mkifika Kilosa mpigieni simu, mzee wa watu asije akakusanya vijana kuwatafuta porini nanyi mko stendi mnakula chipsi.