Kabla hujaimbiwa mlangoni: kwa binti anayetaka kuingia sororiti Marekani

Mama alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hao siyo Frimasoni?"

Simlaumu. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba nimeingia sororiti, chama cha wasichana pale chuoni Marekani, kwamba kina herufi za Kigiriki mlangoni, kina wimbo wake na namna yake ya kupeana mkono, na kwamba usiku wa kuapishwa tulivaa nyeupe tukawasha mishumaa. Kwa mama wa Tanga, ushahidi ulikuwa umekamilika. Nilimaliza jioni nzima kumtoa huko.

Juzi binti mmoja aliyepata nafasi ya kusoma kule kaniandikia. Ameona zile video za wasichana wanaoimba na kupiga makofi mlangoni, anataka kujua aingie au asiingie. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na nane. Akaniambia, dada, sikusikia vizuri, kulikuwa na pikipiki. Basi naandika.

Mama alinielewa nilipomtajia lelemama, ile ngoma ya vikundi vya wanawake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa lelemama: sare moja, vyeo, nyimbo za kuwapiga vijembe wa kundi la pili, na mmoja akifiwa, wote wanabeba masufuria wanakwenda. Sororiti ni hiyo hiyo, ila imepewa katiba, ofisi kuu, bima na akaunti ya benki. Vyama vya mwanzo vilizaliwa karne ya 19, wakati wasichana waliokuwa vyuoni walikuwa wachache na vyama vya wanaume vilikuwa haviwataki. Neno lenyewe lilianzia Chuo Kikuu cha Syracuse: profesa mmoja wa Kilatini aliona haifai wasichana wa chama cha Gamma Phi Beta kuitwa kwa neno linalotokana na kaka, akawatafutia linalotokana na dada.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla ya kupanda ndege ni kwamba kuna sororiti za namna mbili kubwa, na taratibu zake hazifanani. Kuna zile 26 zilizo chini ya baraza la National Panhellenic Conference, lililoanza 1902. Hizo ndizo zenye majumba makubwa na nyimbo za mlangoni, na wanachama wake wengi ni Wazungu. Halafu kuna za Wamarekani Weusi, waliojijengea vyao wakati milango mingine ilikuwa imefungwa: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, Delta Sigma Theta 1913 na Zeta Phi Beta 1920, zote Chuo Kikuu cha Howard, kisha Sigma Gamma Rho, iliyoanzishwa na walimu saba Indianapolis mwaka 1922. Zipo nyingine pia, za Walatino na za Waasia, lakini sizijui kwa karibu.

Mimi nilijua hayo kwa aibu. Muhula wa kwanza nilivaa gauni langu zuri la kitenge, pinki na kijani. Dada mmoja Mweusi wa darasa la takwimu akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole, "Ulivuka lini?" Nikamwambia sikuvuka popote, nilikuja kwa ndege. Alicheka mpaka akakaa chini. Kuvuka, kwao, ni kuwa mwanachama kamili, na pinki na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha. Hakukasirika, ila alinieleza kitu ninachokupa wewe pia: rangi utavaa tu, lakini usiguse herufi zao, ishara zao za mikono wala mlio wao wa kuitana kama hujaingia. Kwao ni ukoo.

Na kama moyo wako uko huko, jua kwamba kwao hakuna wiki ya kuimbiwa. Unasoma habari zao mwenyewe, unafanya kazi za jamii, alama zako zinakaa sawa, na mara nyingi wa mwaka wa kwanza hachukuliwi. Hata ukishahitimu mlango uko wazi, kupitia matawi ya wahitimu. Tena si wageni kwetu kama unavyodhani: hospitali ya wazazi ya Thika, kule Kenya, ilisimama kwa fedha za wanawake wa Delta. Ningeyajua hayo mapema, huenda ningesubiri. Siwezi kusema kwa hakika.

Mimi niliingia moja ya zile 26. Jina lake nitalihifadhi, maana nina ya kulalamikia.

Wiki ya kuandikisha, wenyewe wanaiita rush, ilikuwa Septemba. Mnapangwa makundi, mnapelekwa nyumba hadi nyumba. Mlango unafunguliwa kwa kishindo, wasichana hamsini wamepandana ngazini wanaimba na kupiga miguu, na wewe umesimama na kibandiko cha jina kifuani hujui ucheke au uombe radhi. Anakuja mmoja, anakushika mkono, anakukalisha, mnaongea dakika chache. Mwenzake anamgusa bega, anaondoka, anakaa mwingine. Maswali yale yale. Jioni koo limekauka, na umeeleza Tanga iko wapi mara ishirini na sita.

Wenye nyumba hufundishwa kukwepa mambo matano: wanaume, pombe, dini, siasa na pesa. Sasa mtoto wa Tanga ukimwondolea dini, siasa na pesa, kinabaki nini? Salamu na mvua. Nikaongea mvua mpaka ikaisha.

Kila siku nyumba zinapungua: wao wanachuja, nanyi mnachuja, kompyuta inalinganisha. Siku ya mwisho unatia saini karatasi. Hapo tulia, soma. Ile karatasi inasema ukipewa nafasi na nyumba uliyoiorodhesha kisha ukaikataa, huwezi kuingia nyingine ya baraza hilo, chuo hicho, kwa mwaka mzima. Kwa hiyo usiandike nyumba usiyoitaka eti kwa kujaza nafasi. Wasichana wawili wa bweni letu walifanya hivyo, wakalia.

Na kama una dini yako, uliza kabla ya kuapa. Mimi nilimfuata mshauri wa tawi, mama mmoja mhitimu wao wa zamani, nikamwambia: mimi ni Mwislamu, ndani ya kiapo kuna nini? Maneno yenyewe hakunisomea, lakini alinieleza yanahusu nini na sehemu gani ningeweza kunyamaza. Iliniridhisha. Isingeniridhisha, ningeondoka, na wewe ondoka.

Sasa pesa. Muhula wa kwanza nililipa dola 710: ada ya tawi, ada ya makao makuu, ada ya kuapishwa, na beji ndogo kuliko punje ya hindi. Viza ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Mimi nilikuwa maktaba, kwa dola 7.25 kwa saa. Piga hesabu: dola 145 kwa wiki kabla ya makato. Beji ile na ndugu zake vilinila wiki tano za kupanga vitabu rafuni. Bado fulana (kila shughuli ina fulana yake, nimehesabu nikakuta thelathini na moja), bado faini. Kukosa kikao bila udhuru ilikuwa dola 25.

Lakini kilichoniumiza hasa ni ukurasa wa nne. Mkataba wa tawi ulisema mwanachama ataishi kwenye nyumba ya chama walau mwaka mmoja kama vyumba havijajaa. Sikuusoma. Nilisaini nikiwa nimesimama, kalamu ya mtu, wenzangu wakipiga picha. Mwaka wa pili nilikuwa nimeshapata chumba cha bei nafuu pamoja na dada wa Kikenya, tumeshanunua hadi sufuria, ndipo barua ikaja. Nikalipa nyumba ya chama na hasara ya kule. Mhasibu wao niliyemwendea hakuinua uso kwenye kompyuta. Alizungusha karatasi, akaweka kidole kwenye saini yangu. Kwa hiyo omba mkataba wa fedha kwa maandishi kabla ya siku ya mialiko, yaani siku ya kupewa nafasi. Ulizia pia mpango wa kulipa kidogo kidogo na fedha za kusaidia wanachama. Sehemu nyingi vipo, ila havitangazwi.

Maisha ya humo ndani, ukiondoa picha, ni vikao. Kila Jumapili jioni tulikaa, umevaa vizuri, simu zimekusanywa kwenye kikapu, ajenda inasomwa, hoja inaungwa mkono, kura inapigwa. Kuna saa za lazima za kusoma kwa walio na alama ndogo. Kuna dada mkubwa unayekabidhiwa, anayekuficha jina lake wiki nzima huku anakuachia zawadi mlangoni. Wangu aliniachia pipi za mdalasini, zilikuwa kali kama pilipili, nikadhani nimechukiwa. Kuna mama wa nyumba, mwajiriwa, mtu wa miaka sitini na zaidi, ambaye kila asubuhi "shikamoo" ilinifika kwenye meno nikaimeza. Na kuna mpishi. Oktoba nilikuwa nalipa funga zangu, chakula cha jioni kikawa kinaliwa jua halijazama. Bila kumwomba, akaanza kuniwekea sahani iliyofunikwa karatasi ya foili, jina langu juu, amekosea herufi mbili.

Muhula mzima wa kwanza, nikuambie ukweli, sikuwa na dada hata mmoja. Nilikuwa na watu themanini wanaonikumbatia. Msichana mmoja aliniita kwa jina la yule dada wa Kikenya miezi mitano, nami nikaacha kumsahihisha. Kama unaingia ili upweke wa Septemba uishe, hautaisha huko. Mimi nilishapanga kuandika barua ya kujitoa.

Ila Novemba kulikuwa na uchaguzi, na hakuna aliyetaka kuwa msaidizi wa mweka hazina. Nikanyosha mkono, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi: nilitaka kuona pesa zangu zinakwenda wapi. Chukua cheo mapema, hata kidogo, hata cha kutunza vikombe. Mwenye kazi ana sababu ya kugonga mlango wa mtu.

Februari tawi lilikuwa linachangia nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao. Kila mwaka waliuza chapati zao zile nene za maziwa. Nikatoa hoja: mwaka huu tuuze maandazi ya tui. Ikapita kwa tofauti ya kura tatu. Mpishi akatukubalia jiko baada ya chakula cha jioni. Nikakanda kilo tano: tui la kopo, iliki niliyotwanga kwa chupa, hamira, sukari. Nje theluji imefika magotini. Baada ya saa mbili nikafunua beseni, unga umelala vile vile kama maiti. Nikapata jasho.

Yule aliyekuwa ananiita jina la mwenzangu ndiye aliyeokoa. Kwao ni wafugaji, kijiji cha mahindi matupu, na alizoea kuwapasha moto ndama waliozaliwa usiku wa baridi. Akabeba beseni, akashuka nalo chumba cha kufulia, akaliweka juu ya mashine ya kukaushia, akaiwasha bila nguo ndani. Tukakaa chini sakafuni tunasubiri, watu sita, kisha kumi na mmoja, mashine inanguruma mgongoni. Ndipo akanieleza kwamba baba yake ameuza ng'ombe wote mwaka ule, na kwamba hata yeye alikuwa anadaiwa ada na hajamwambia mtu. Nikamwambia najua. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari.

Unga uliumuka. Tukasukuma, tukakata pembetatu, tukachoma mpaka saa nane usiku. Kesho yake tulipata dola 412, na jina langu akalijua.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Uonevu wa kuwaingiza wapya upo, kama vile njuka anavyoteswa bwenini kwetu, na huko watu wamekufa. Sheria ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vikundi vilivyokutwa na hatia hiyo. Itafute taarifa ya chuo chako, soma majina. Ukiambiwa fanya jambo hili na usimwambie mtu, ondoka usiku huo huo, fulana waachie. Sherehe za pombe kwa kawaida huwa kwenye nyumba za wavulana, kwa sababu sororiti nyingi haziruhusu pombe nyumbani kwao, na kisheria umri wa kunywa ni miaka 21. Nenda na wenzako, rudi na hao hao. Na shughuli zikikubana, kumbuka viza yako inategemea masomo, wala haina habari na fulana.

Mwaka huu, Februari, nikiwa ofisini Dar, nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Msichana, mweka hazina wa sasa. Alikuta karatasi yangu ya maandazi kwenye jalada la shughuli. Aliandika: tumeweka makopo ya tui kama ulivyosema, hamira ni mpya, lakini unga hauumuki, na watu wanakuja asubuhi.

Nikamjibu: shukeni nao chini, kwenye mashine za kukaushia.

Baada ya nusu saa akanitumia picha. Mabeseni matatu, yamefunikwa taulo.