Keria haikuvunjika, ilibonyea

Msimu mmoja wa karafuu nilimtengenezea dereva wa gari ya Konde, huku Pemba, keria ya juu. Alitaka iwe nyepesi, nikaacha paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita 2, nikachukua ya milimita 1 ya chuma kigumu zaidi. Niliamini ugumu utafidia wembamba.

Magunia yalipopandishwa, paipu za kati zilibonyea mpaka zikalala juu ya bati la paa. Yaliposhushwa, zikarudi zikanyooka. Hapakuwa na ufa, wala kiungo kilichoachia. Lakini rangi ya bati ilikwanguka, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haikukawia. Gharama ya rangi nililipa mimi.

Nguvu ni mzigo ambao chuma kinaubeba kabla hakijapinda moja kwa moja au kukatika. Ukakamavu ni namna kinavyokataa kubonyea, hata kama kitarudi. Vyuma vya kawaida na vile vigumu hupishana sana kwa nguvu, ila ukakamavu wao ni karibu ule ule, gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 200 hivi.

Nayasema haya kwa sababu vijana karakanani wananionesha simu zao: "Ami, kuna chuma kimetiwa alumini, chepesi na kina nguvu, tuagize." Kipo kweli. Huchanganywa manganizi, alumini na kaboni. Kila asilimia 1 ya alumini hupunguza uzito kwa asilimia 1.3 hivi, ikifika asilimia 10, gramu 7.8 za kila sentimita ya ujazo hushuka hadi karibu 6.8. Atomu ya alumini ni nyepesi, tena huzisukuma za chuma zikae mbalimbali zaidi. Nguvu yake inaweza kupita megapaskali (kipimo cha nguvu ya chuma) 800, na bado kikavutika vizuri kabla ya kukatika.

Ila ukakamavu hushuka kadiri alumini inavyozidi. Kilichonitia hasara kwenye keria, chuma hiki kingekizidisha.

Na moto pia uuogope. Sehemu ya nguvu yake hutokana na chembe ndogo mno za kabaidi, yaani metali iliyoungana na kaboni, zinazoota ndani kikipashwa kwa kipimo. Kikikaa kwenye joto kupita muda wake, chembe hujikusanya kwenye mipaka ya punje ndogo zinazounda chuma, nacho hukatika kama kigae. Usikichomee kwa mazoea ya nondo.

Ukitaka wepesi, anza na umbo. Keria ya pili niliijenga kwa paipu ya inchi moja na nusu, unene ule ule wa milimita 1. Ukakamavu wa paipu ulipanda zaidi ya mara tatu kuliko wa ile iliyobonyea, na uzito ukawa pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya milimita 2 niliyoiacha mwanzo. Ni wepesi mkubwa kuliko ambao asilimia 10 ya alumini ingenipa.

Magunia yalipopangwa tena, nilipanda nikaingiza vidole kati ya paipu na bati. Viwili vilipita bila kugusa.