Bibi alisema ile ni ganuni

Mmeuliza wiki hii wimbo gani wa Kiafrika uliopanda chati za Ulaya ndo umetukaa moyoni na kwa nini, mie sina haja hata ya kufikiri, ni Yé ké yé ké wa Mory Kanté, yule wa Guinea.

Mwaka 1988 nlikuwa mtoto hapa Wete, Pemba, kaka'angu akarudi na meli kutoka Unguja ana kanda ya kunakili, juu imeandikwa kwa peni "Yekeyeke" basi, jina la mwimbaji hamna. Ulikuwa msimu wa karafuu, usiku tupo barazani tunachambua, vidole vinanata na harufu mpaka kwenye chakula, redio kaseti tumeipandisha juu ya gunia na betri zake mchana kutwa tumezianika juani zipate nguvu. Wimbo ukaanza na mdundo ule wa mashine, sie watoto tushainuka, mara zikaingia nyuzi. Bibi akasimamisha mkono na konyo la karafuu analo, akasema hebu nyamazeni, hiyo ganuni hiyo, nani anaipiga? Ganuni ndo ile ala ya nyuzi ya taarabu. Tukamwambia bibi hii disko ya Ulaya, akakataa katakata, kanda ikarudishwa mara tatu.

Nimekuja kujua ukubwani kuwa ile ni kora, kibuyu kikubwa kimekatwa nusu kikawambwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi 21, na mpigaji anatumia vidole gumba viwili na vya shahada viwili tu. Ganuni unailaza magotini, kora unaiinua mbele ya kifua, lakini sikio la bibi halikukosea sana, zote ni nyuzi za kudonolewa. Na Mory Kanté hakujifunza ukubwani, kazaliwa kwenye ukoo wa waimbaji wa jadi, wale wanaohifadhi nasaba na habari za watu kwa mdomo.

Sasa wimbo huo, kwa Kimandinka chake, ulishika namba moja Uholanzi, na unatajwa kuwa wa kwanza kutoka Afrika kupita kopi milioni moja. Hakubadili lugha! Kinanda na mashine kaviweka, sawa, lakini kora kaiacha mbele isikike. Ndo maana ile rimiksi ya Wajerumani ya miaka ya tisini mie hainikai, sauti yake imo lakini mashine zimejaa kila pahala.

Hili linaniuma kwa sababu ya taarabu yetu. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu, kapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiimba Kiswahili hiki hiki, hakuna aliyemtaka aimbe Kiingereza, afu sie wenyewe ndo tunawaambia vijana ganuni ya kizee, kinanda kinatosha, kina sauti zote. Hakina. Mwezi uliopita nlikuwa harusini, mzee wa ganuni amekaa pale na kanzu yake anapiga kwa moyo wote, vidole naviona vinakwenda ila sauti haitoki hata chembe, kumbe maiki yake imezimwa ili kinanda kisikike vizuri. Nikapita katikati ya akina mama wanaotunza, nikamfuata kijana wa mitambo nikamwambia mwanangu, mfungulie babu yako. Akafungua.