Maswali na majibu: lenzi ya jicho ipi inaifaa darubini yako?

Barua nyingi za wasomaji zinahusu lenzi ya jicho, yaani ile ndogo inayochomolewa na kubadilishwa upande wa mtazamaji. Hesabu moja itatumika katika majibu yote: gawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi kuu au kioo kikuu hadi pale mwanga unapokusanyika) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, vyote kwa milimita, nawe utapata ukuzaji. Darubini yenye fokasi ya milimita 1200 ikitiwa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48. Kwa hiyo lenzi yenye namba ndogo ndiyo inayokuza zaidi.

Sanduku la darubini yangu yenye kipenyo cha milimita 60 linasema inakuza mara 525, lakini nikiielekeza kwa Mshtarii naona doa la kijivu linalotetemeka. Je, ni mbovu?

Darubini yako ni nzima. Kinachopotosha ni maandishi ya sanduku. Namba hiyo imepatikana kwa kugawa fokasi ya milimita 700 kwa lenzi ya milimita 4, kisha kuzidisha mara tatu kwa lenzi ya Barlow, yaani lenzi ya ziada inayotiwa kabla ya lenzi ya jicho ili kuongeza ukuzaji. Hesabu ni sawa, ila mwanga ulioingia kupitia kipenyo cha milimita 60 umetawanywa mno hata haubaki undani wowote wa kuonekana. Kanuni inayofuatwa na watazamaji ni kwamba ukuzaji usizidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kuu au kioo kikuu kwa milimita, na kwako hiyo ni mara 120, tena katika usiku ambao hewa imetulia. Hata mwenye darubini kubwa hukuta kwamba usiku mwingi hewa haimruhusu kupita mara 200 au 250.

Lenzi zinazokuja na darubini za aina hii mara nyingi zina herufi H au SR. Hiyo ni miundo ya Huygens na Ramsden, ya karne ya 17 na ya 18, yenye vipande viwili tu vya kioo na uwanda finyu wa kuona. Nunua lenzi mbili za muundo wa Plössl, za milimita 25 na 10, upate mara 28 na mara 70. Kwa mara 70 pete ya Zohali na mikanda ya Mshtarii huonekana wazi. Kabla ya kulipa, pima tundu la darubini yako linaloingia lenzi ya jicho, kwa maana darubini ndogo za zamani hutumia milimita 24.5, ilhali lenzi nyingi za leo zina kipenyo cha milimita 31.7, ambacho wauzaji hukiita inchi moja na robo. Na usitazame sayari ikiwa bado chini karibu na upeo wa macho. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumejaliwa sayari zinazopita juu sana, ambako mwanga wake hupenya hewa kidogo kuliko unavyopenya kwa mtazamaji wa Ulaya ya kaskazini.

Nina darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na fokasi ya 650, pamoja na lenzi za milimita 25 na 10. Niongeze ipi?

Wengi wangekushauri uanze na ukuzaji mkubwa. Mimi ningeanza upande wa pili, kwa sababu anga letu lina vitu vipana ambavyo darubini yako imeumbwa kuvitazama. Lenzi ya Plössl ya milimita 32 itakuza mara 20 na kukuonyesha kipande cha anga cha nyuzi mbili na nusu, yaani upana wa miezi mipevu mitano ikiwa imepangwa sambamba. Kilimia kitaenea chote na kuzungukwa na giza, jambo linalokipa uzuri wake. Katika lenzi yako ya milimita 25 kinabanwa ukingoni. Nebula ya Carina, ambayo ni wingu la gesi linalong'aa, na Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani, vitu ambavyo watu wa Ulaya hawavioni kamwe wakiwa kwao, vinahitaji upana huohuo.

Kuna kikomo cha upande huu pia, na ni kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Gawanya fokasi ya lenzi ya jicho kwa uwiano wa darubini, ambao kwako ni 650 kwa 130, yaani 5. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalotoka na kuingia jichoni. Lenzi ya milimita 32 hutoa duara la milimita 6.4. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, lakini ya mtu mzima mara nyingi haifiki hapo, na mwanga unaozidi mboni hupotea. Ikiwa umri umesogea, au unatazamia mjini ambako anga haliwi jeusi, lenzi uliyo nayo ya milimita 25, yenye duara la milimita 5, inatosha.

Baada ya hapo tafuta lenzi ya milimita 5 kwa ajili ya sayari. Itakuza mara 130, kiasi ambacho hewa ya usiku mwingi itakikubali.

Je, lenzi zenye uwanda wa nyuzi 82 zinastahili bei yake?

Plössl, muundo uliobuniwa Vienna mwaka 1860, huonyesha duara la nyuzi kama 50 mbele ya jicho. Al Nagler, Mmarekani aliyewahi kubuni mifumo ya macho ya vifaa vya kuwafundishia wanaanga wa safari za mwezini za Apollo, ndiye aliyefungua njia ya nyuzi 82 kwa watazamaji wa kawaida. Faida yake huonekana hasa kwa darubini isiyo na mota. Kwa ukuzaji wa mara 200, sayari iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia) huvuka uwanda wa Plössl kwa dakika moja tu, lakini nyuzi 82 humpa mtazamaji zaidi ya dakika moja na nusu kabla ya kusogeza darubini tena. Kama darubini yako ina mota inayofuata nyota, na unachopenda ni sayari, fedha hiyo itumie kwingine.

Navaa miwani. Je, niivue?

Kama tatizo lako ni kutoona mbali au karibu tu, ivue na urekebishe kwa gurudumu la fokasi. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, hana njia hiyo. Kujipima ni rahisi: shika miwani mbali na uso, tazama kitu kupitia kioo kimoja, kisha uizungushe taratibu, umbo la kitu likivutika na kubadilika, una astigmatizimu. Hata hivyo kasoro hiyo hudhihirika pale duara la mwanga linapokuwa pana, na duara likiwa la milimita moja au chini yake huwa haisumbui. Vaa miwani kwenye ukuzaji mdogo, ambako Plössl ya milimita 32 huacha nafasi ya kama milimita 22 kati ya kioo na jicho, kisha uivue kwenye ukuzaji mkubwa.

Barlow au lenzi nyingine?

Barlow nzuri ya mara mbili huzigeuza lenzi mbili kuwa nne, mradi zisirudiane. Mwenye milimita 20 na 10 atapata 10 ya pili asiyoihitaji. Mwenye 25 na 10 atapata 12.5 na 5.

Darubini yangu ilikuja na kioo cheusi cha jua cha kufungia kwenye lenzi ya jicho. Ni salama?

Hapana. Kioo hicho hukaa pale ambapo joto la jua limekusanyika, na kinaweza kupasuka ghafla huku jicho likiwa limeegemea. Kivunje ukitupe, asije mtoto akakiokota. Kichujio cha jua hufungwa mbele ya darubini, kikifunika mdomo wake wote, na darubini ndogo ya kulengea hufunikwa pia.

Naishi Tanga, na lenzi zangu zimeota ukungu. Nifanyeje?

Unyevu wa pwani ndio chanzo. Usizifunge kwenye sanduku la sponji zikiwa na umande, kwa kuwa sponji hushika maji. Ziache zikauke, kisha uzitie katika chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na vifuko hivyo uvibadilishe au uvikaushe kila vinapolemewa. Vumbi lipulizwe kwa mpira wa hewa, si kwa mdomo. Ukungu ulio juu ya kioo husafishwa kwa maji maalumu ya lenzi na kitambaa laini. Ule ulioingia katikati ya vioo unahitaji fundi wa kamera, na ukikaa muda mrefu hula utando wa kioo, ambao hakuna usafishaji utakaourudisha.