Kuchuja orodha kunjuzi ya bidhaa: yaliyonikuta kwenye duka la pembejeo hapa Moshi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una programu ya mauzo uliyoiandika kwa C# na Windows Forms, duka lipo Arusha, bidhaa 1,400 umezijaza kwenye ComboBox moja, yaani orodha kunjuzi yenye kisanduku cha kuandikia. Keshia akiandika "kupe" hapati kitu, mpaka akumbuke jina la bidhaa linaanzaje. Halafu mwishoni umechomekea la orodha za mkoa, wilaya na kata za wateja wa mkopo, kila moja ichuje inayofuata. Yote mawili yamenitoa jasho, ila la kwanza ndilo lenye mambo, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hiyo SuggestAppend uliyoweka, ule mpangilio wa ComboBox wa kupendekeza na kukamilisha jina, haina kosa lolote. Ndivyo ilivyotengenezwa: inalinganisha mwanzo wa jina tu, katikati haitazami. Mimi nilipoteza siku mbili nikitafuta mahali pa kuiambia itazame katikati. Usizipoteze na wewe, hapapo.

Mwaka mmoja nilikuwa natengeneza programu ya duka la pembejeo na dawa za mifugo, Moshi mjini. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya kwanza: kila herufi ikiandikwa, kwenye TextChanged, nafuta vitu vyote vya ComboBox na kurudisha vile vinavyofanana. Kwenye kompyuta yangu nyumbani nikaandika "kupe". Kisanduku kikaandika "epuk". Nikadhani kibodi imeharibika. Kumbe kila unapofuta orodha, mshale wa kuandikia unarudi mwanzo wa kisanduku, kwa hiyo herufi inayofuata inakaa mbele ya iliyotangulia. Ningekuwa mtu wa ishara ningeiona ile "epuk" ni onyo lililokosa herufi moja tu.

Nikatibu kwa kurudisha SelectionStart mwisho wa maandishi. Likaja la pili: ukifungua orodha kwa msimbo, kwa DroppedDown, kielekezi cha kipanya kinapotea juu ya dirisha. Dawa yake ni mstari mmoja, Cursor.Current = Cursors.Default. Likaja la tatu, orodha ikifunguka inadaka jina la kwanza linaloanza na ulichoandika na kulibandika juu ya maandishi yako. Hapo nilipaswa kushtuka kwamba napigana na kifaa ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Sikushtuka.

Nikahamia kwenye BindingSource (kiungo kati ya orodha na data) juu ya DataTable (jedwali la data), nachuja kwa Filter yake. Kwa macho ilikuwa safi kabisa, na nikamkabidhi mama mwenye duka. Masika hiyo, foleni ya wakulima wa Kibosho na Uru imefika mlangoni, dada keshia anaandika "minyoo", orodha inabaki na vitu vitatu, simu inaita, anabonyeza Enter. ComboBox iliyofungwa kwenye data, kila orodha inapobadilika, inachagua safu ya kwanza yenyewe. Haikuulizi. Kwa hiyo kilichoingia kwenye risiti si chupa aliyoishika mkononi, ni ile iliyokuwa juu ya orodha kwa alfabeti. Mwisho wa mwezi tukahesabu stoo: dawa moja ya minyoo imezidi chupa 11, nyingine imepungua chupa 11. Dada wa watu alikuwa ameshaanza kutazamwa kwa jicho baya. Nilimwambia mama ukweli kwamba kosa ni langu, nikairudia ile fomu bila kudai senti.

Tangu hapo situmii ComboBox kwa orodha yoyote inayozidi vitu kama hamsini. Naweka TextBox ya kawaida, chini yake ListBox iliyofichwa inayojitokeza mtu akianza kuandika. ListBox inasoma DataView yake, yaani mwonekano wa jedwali unaoweza kuchujwa (kwenye msimbo hapa chini ni dv). Baada ya kila kuchuja, SelectedIndex inarudi -1, yaani hakuna kilichochaguliwa mpaka keshia mwenyewe ashuke kwa mshale wa chini au abofye. Enter bila kuchagua haifanyi kitu, inalia tu. Esc inafunga. Na sichuji kila herufi inapogongwa: Timer ya milisekunde 250 inaanza upya kila herufi, ikitulia ndipo nachuja. Kompyuta ya pale dukani ni mzee wa zamani, bila hiyo Timer maandishi yalikuwa yanakokota.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hapa ndipo wengi tunaumia sisi tunaoandika programu kwa Kiswahili. Kichujio chako kitafanana na hiki:

dv.RowFilter = "jina LIKE '%" + neno + "%'";

Andika "ng'ombe" uone. Programu inakufa pale pale, inasema kuna kosa la sintaksi. Alama ya ritifaa iliyo ndani ya ng' imefunga maandishi kabla ya wakati, na "ombe" ikabaki nje haina mwenyewe. Mifano ya Wazungu haikuonyi kwa sababu wao hawauzi chumvi ya ng'ombe kila dakika tano. Iongeze mara mbili kabla ya kuchuja: neno.Replace("'", "''"). Ukishafanya hivyo jaribu "20% 100", maana antibiotiki ya sindano imeandikwa hivyo kwenye chupa na keshia ataiandika hivyo hivyo. Inakufa tena. Alama ya asilimia kwenye LIKE maana yake "chochote", na DataView haikubali ikae katikati ya neno. Ifungie kwenye mabano ya mraba, [%]. Nyota nayo vivyo hivyo, na mabano ya mraba yenyewe pia. Tengeneza kazi (function) moja ndogo ya kusafisha neno, uiite kila mahali.

Na bado hujamaliza na ng'ombe. Orodha ya bidhaa nilipewa kwenye Excel, sehemu yake ilikuwa imenakiliwa kutoka Word, na Word inapenda kupindisha ritifaa. Kwa hiyo nusu ya bidhaa zilikuwa "ng'ombe" na nusu "ng’ombe". Tazama vizuri, si alama moja. Keshia anapata chumvi ya kulamba lakini maziwa ya kunyonyeshea ndama wa ng'ombe hayaonekani, na yapo rafuni nyuma yake. Nyoosha alama zote wakati wa kuhifadhi, siyo wakati wa kutafuta.

Kuhusu kutafuta katikati, usiishie kwenye LIKE moja. Kata alichoandika kwenye nafasi, kila kipande kiwe na LIKE yake, uunganishe kwa AND. Hapo "minyoo 100" inaleta dawa ya minyoo ya mililita 100 hata kama kwenye jina katikati yake kuna maneno mengine matatu.

Ila kilichobadilisha maisha ya dada keshia kuliko ufundi wote huo ni safu wima moja niliyoongeza kwenye jedwali la bidhaa, nikaiita majina_mengine. Mkulima haji kuomba DAP kila mara. Anasema mbolea ya kupandia. Urea na CAN ni mbolea ya kukuzia. Amitrazi ni dawa ya kuogesha, au dawa ya kupe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kaunta kutwa nzima na daftari, naandika watu wanavyoita vitu, jioni nikayaingiza. Kichujio kinatazama jina pamoja na majina_mengine. Nenda kakae dukani siku moja, ya soko ikiwezekana. (Kuna mzee aliomba "ile ya chupa ya bluu niliyochukua mwaka jana". Hiyo hakuna kichujio kinachoiweza, dada aliijua kwa sura.)

Mkoa, wilaya na kata sasa. Hapa ComboBox inafaa, tena weka DropDownStyle iwe DropDownList ili mtu asiandike vyake. Mikoa 31 haihitaji kuchujwa kwa maandishi. Mambo ya kuangalia ni machache. Weka DisplayMember na ValueMember kabla ya DataSource, la sivyo SelectedValue itakuletea kitu kizima cha DataRowView (safu nzima ya data) badala ya namba na utashangaa kichujio kinagoma. Kila ComboBox ipewe DataView yake mpya. Ukitumia DefaultView ya jedwali moja kwenye mbili, ukichuja hii na ile imechujwa. Na kazi ya kuchuja wilaya iite kwenye SelectionChangeCommitted, kwa kuwa yenyewe huamka pale tu mtumiaji anapochagua. SelectedIndexChanged huamka hata msimbo wako unapojaza orodha, ndipo unapata fomu inayojichagulia mambo peke yake. Ukifungua taarifa za mteja wa zamani, jaza kwa mpangilio: mkoa, chuja, wilaya, chuja, kata. Ukianza na kata utaona pengo.

Hifadhi namba ya kata, usihifadhi jina. Kaloleni ipo kwenu Arusha na ipo huku Moshi. Hata wilaya zinachanganya: Moshi ipo ya manispaa na ya halmashauri ya wilaya, Arusha ipo ya jiji na ya wilaya. Na huku kwetu kuna kata inaitwa Ng'ambo, kwa hiyo ile kazi ya kusafisha neno utaihitaji hata huku ukichuja kwa jina.

Aliyeuliza chini yako kuhusu kuchuja orodha kunjuzi iliyo ndani ya DataGridView (jedwali la kwenye fomu), ambapo kila safu ina wilaya yake: usiichuje safu wima nzima, utamwagiwa makosa ya DataError kwa sababu safu nyingine zinapoteza thamani zao kwenye orodha. Weka BindingSource mbili, moja imejaa na moja ya kuchujwa. Kwenye CellBeginEdit ipe seli hiyo peke yake ile BindingSource iliyochujwa, kwenye CellEndEdit irudishie ile iliyojaa.

Mkuu, kabla hujaanza kubomoa, niambie hizo bidhaa 1,400 ziko kwenye hifadhidata ya Access au ya SQLite, na kama orodha yako ya kata ina namba au ni majina matupu. Kama ni majina matupu, anza na hapo.