Chumba cha Banaras: tazama kichochoro kabla ya kitanda

Mwanangu,

Picha ya chumba cha Banaras, India, uliyonitumia nimeiona: kitanda, pazia jekundu, na mto Ganga dirishani. Unauliza kama wewe na mwenzako mkilipie chumba hicho siku zote kumi na mbili, maana ni rahisi na kiko karibu na Manikarnika. Msilipe. Wekeni siku mbili tu, tena si hapo, zilizobaki mtatafuta kwa miguu mkishafika.

Manikarnika ndipo maiti zinapochomwa, mchana na usiku, moto hauzimiki. Upepo ukigeuka, moshi na majivu huja mpaka dirishani, na kichochoro cha kupitia nyinyi ndicho wanachopitia wabeba maiti wakilitaja jina la Ram kwa sauti. Kwa Wahindu kufia Kashi, yaani Banaras hiyo hiyo, ni bahati kubwa, na wapo wanaosafiri wagonjwa hivyo hivyo ili roho iwatokee huko. Basi kupiga picha hapo ni utovu wa adabu. Na atakayekufuata akiomba mchango wa kuni za maskini, mpite. Huo ni utapeli wa siku nyingi.

Banaras, Varanasi na Kashi ni mji mmoja, majina yasikuchanganye. Wote umejengwa ukingo wa magharibi, ng'ambo ni mchanga mtupu, kwa hiyo kila dirisha la mtoni linatazama mawio ya jua. Ghati, yaani ngazi za mawe zinazoshuka majini, zinapita themanini, kutoka Assi upande wa kusini hadi Raj Ghat kaskazini. Dashashwamedh iko katikati, nayo kila jioni ina ibada ya taa yenye vipaza sauti na umati. Kutazama ni kuzuri, kulala juu yake ni adhabu. Assi imetulia zaidi na bajaji inafika karibu, ila huko nako kuna ibada ya alfajiri yenye vipaza sauti, kabla jua halijatoka.

Mimi ningetafuta kati ya hizo mbili: Pandey Ghat, Chauki Ghat, Kedar Ghat, au ndani kidogo, kwenye kichochoro cha Bengali Tola kinachokwenda sambamba na mto. Mkishuka kusini ya Kedar mtaikuta Harishchandra, ghati ya pili ya kuchomea maiti, ndogo kuliko Manikarnika. Chumba kisipakane nayo. Kufika huko, mwambieni wa bajaji "Sonarpura", mshuke barabarani, zilizobaki ni dakika kama kumi za vichochoro. Mkipitia njia panda ya Godowlia mtashushwa mbali na kuburuta mabegi katikati ya msongamano. Vichochoro hivyo ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, isipokuwa pikipiki na ng'ombe wanapita humo humo, na magurudumu ya begi hayafai kitu kwenye yale mawe. Begi la mgongoni, mwanangu.

Tazama tiketi yako ya treni. BSB ni Varanasi Junction, BSBS ni stesheni ya Banaras, zote ziko mjini. DDU, iliyokuwa ikiitwa Mughalsarai mpaka 2018, iko ng'ambo ya mto, na kutoka huko kuna safari nyingine ya gari. Popote mtakaposhuka, wapiga debe watawaambia gesti yenu imefungwa, imeungua, imejaa maji. Wanatafuta kamisheni, na kamisheni hiyo inaongezwa kwenye bei ya chumba chenu. Ndiyo maana usitaje jina la gesti, taja Sonarpura tu, na mpigie mwenye nyumba atume kijana awapokee barabarani. Siku ya kutafuta chumba cha pili, mmoja akae na mabegi kwenye banda la chai, mwingine azunguke mikono mitupu. Anayeonekana hana haraka ndiye anayepunguziwa bei.

Kabla ya kulipa hata rupia moja, uliza kwa maandishi: "Mnapokea wageni wa nje? Mnajaza Fomu C?" Anayemlaza mtu asiye raia wa India analazimika kuituma fomu hiyo serikalini ndani ya saa 24. Gesti ndogo nyingi na dharamshala, nyumba za mahujaji, hazitaki usumbufu huo. Programu ya simu itapokea hela zako, na mlangoni mtarudishwa saa nne usiku. Beba pasipoti, viza na karatasi yako ya ukaazi wa mwanafunzi, pamoja na nakala.

Ukiingia chumbani usianze na dirisha. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda. Mto hujaa Julai hadi Septemba (mwaka 1978 ulifika mita 73.9, zaidi ya mita mbili juu ya alama ya hatari), na vyumba vya chini vilivyoingia maji hubaki na unyevu na harufu ya matope hata rangi ikiwa mpya. Panda ghorofa ya pili au ya tatu. Washa hita ya maji, subiri robo saa, ndipo uamini kuna maji ya moto. Angalia wavu wa dirisha, kwa sababu nyani wataingia kufuata ndizi, na nguo za darini watazibeba. Komeo nyingi zinahitaji kufuli, chukua lako. Uliza na saa ya kutoka: kwingine wanahesabu saa 24 tangu uingie, kwingine ni saa sita mchana hata kama umefika jana usiku.

Nyumba nyingi za vichochoroni haziruhusu nyama, mayai wala pombe, kwa hiyo hata kopo la jodari usilifungue humo. Mkitamani nyama ya halali, Madanpura, mtaa wa Waislamu wafumaji wa hariri, uko barabara hiyo hiyo ya Sonarpura kuelekea Godowlia, na misikiti ipo.

Kinachonitia wasiwasi ni tarehe zenu. Siku kumi na tano baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, usiku wa mwezi mpevu, ni Dev Deepavali: ghati zote huwashwa vijitaa vya udongo, na bei ya chumba huweza kupanda mara tatu na zaidi. Anayekubali bei ya kawaida kwa mdomo leo, wiki hiyo atakutoa kwa kisingizio cha bomba kupasuka. Kwa usiku huo na wa kabla yake, pata bei na tarehe kwa ujumbe, au ondokeni mapema.

Mkishapata hicho cha pili, nitumie picha ya kichochoro chake. Ya kitanda sina haja nayo.

Mama yako